Tulivyomtafunia Kahambu

Hapa Bwera watu wananijua kwa vitu viwili: chai yangu na mdomo wangu. Chai nawapikia maofisa wa wanyamapori pale karibu na mpaka wa Mpondwe, Uganda inapokutana na Kongo, mwaka wa kumi na moja huu. Mdomo nampa yeyote anayestahili. Jina langu Erina. Nilizaliwa Kitswamba, nikaolewa huku na marehemu Ezironi, nikazaa watoto sita, nikazika mmoja. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani ninayoyasimulia yalitendwa na kasichana kasikojua kulea. Nilijua kulea. Ndiyo maana inaniuma mpaka leo.

Kavira nilimtoa kwenye baraza la kanisa Katoliki. Alikuwa na miaka kumi. Alivuka mpaka mwezi wa tano mwaka jana pamoja na watu waliokimbia mapanga huko upande wa Beni, na mgongoni alikuwa amefunga mdogo wake, Kabuo, mtoto wa mwaka mmoja hivi. Muuguzi wa pale mpakani alitaka kumpa mtoto matone ya chanjo. Akafunua kitenge, akakifunika tena upesi. Kabuo alikuwa amekufa tangu jana yake. Kavira alimbeba siku nzima na usiku kucha, akimwimbia, akidhani mdogo wake amelala. Wanawake wanne walishindwa kumfungua kile kitenge.

Aliyenieleza haya ni Rachelle, muuza vitenge kutoka Butembo, aliyekuwa anazunguka na karatasi akiwatafutia wale watoto nyumba za kukaa mpaka ndugu zao wapatikane. Mimi si Mkatoliki, lakini nilikwenda. Nilimkuta amekaa peke yake, magoti kifuani, mikono mitupu. Nikamwambia, "Haya mwanangu, twende, huwezi kukaa kwenye simenti." Akanyanyuka, akanifuata, hakusema kitu. Na hakusema kitu kwa miezi mitano. Majirani wakamwita bubu. Mmoja wao, Yayeri, ambaye mdomo wake ni mrefu kuliko hata wangu, alidiriki kuniuliza kwa nini nimechukua mtoto mbovu wakati wazima walikuwepo. Nilimjibu, na alichojibiwa hakifai kuandikwa.

Sasa kuna jambo moja lazima niliseme wazi, maana bila hilo hamtanielewa. Sisi Wakonzo wa huku na Wanande wa ng'ambo ni watu wamoja, mto Lhubiriha ndio uliotukata. Na kwetu jina linasema umezaliwa wa ngapi. Kavira ni binti wa pili. Kabuo ni wa tatu. Kahambu ni wa nne. Mtoto akifa hatolewi kwenye hesabu. Anayemfuata hachukui nafasi ya marehemu, anachukua yake. Ukimuuliza mama wa kwetu ana watoto wangapi, anakuhesabia na waliolala.

Siku ya Jumanne moja, mwezi wa kumi, soko limefurika na mvua imetoka kunyesha, nikamsikia Afande Baker, mmoja wa wale maofisa wa wanyamapori, ananiita kutoka barabarani. "Mama Erina! Acha hiyo chai! Kuja hapa mara moja!" Afande Baker ni mtu mkubwa, sauti yake imekaa jeshini miaka mingi, lakini siku ile ilikuwa inatetemeka. Nikaenda na mwiko mkononi.

Walikuwa wamesimamisha gari dogo lililotoka Kongo na madumu ya mawese. Dereva alikuwa ameruka na kupotelea sokoni, na mpaka leo hajaonekana. Chini ya madumu palikuwa na sanduku la mbao lililopigiliwa misumari, na ndani ya sanduku mtoto wa sokwe. Amelowa mawese mwili mzima. Mkononi alikuwa na kidonda pale kamba ilipomkata. Uso wake ulikuwa mweupe-mweupe, masikio makubwa, macho yamemtoka. Wakongo waliokuwa wamejazana wakapiga kelele, "Sokomutu! Sokomutu!" ndivyo wanavyomwita sokwe kwao, na simu zote zikatoka mifukoni kupiga picha. Nikawauliza kama mama zao waliwazaa ili wakapige picha msiba wa wenzao. Maana mtoto wa sokwe hashikwi mama yake akiwa hai, hilo hata mimi mpika chai nalijua.

Afande alimtoa, akanyoosha mikono mbali kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. "Hii kitu inalia sana. Wewe umezaa sita. Shika!" Nikashika. Yule mtoto akanirukia kifuani, mikono shingoni, miguu kiunoni, vidole vikanishika nguo na nyama kwa pamoja. Akanyamaza papo hapo. Mwiko ulikuwa umeanguka topeni na sikujua umeanguka saa ngapi. Mtu akishikwa vile hana ujanja tena.

Kesho yake akaja daktari wa wanyama, Ronah, Mtooro kutoka Fort Portal, mwanamke kijana, mpole, lakini akisema jambo amelisema. Akampima, akasema ni wa kike, hajafika mwaka mmoja. Ofisi yao haikuwa na mahali pa kumweka ila kontena la bati, na kila akiwekwa chini analia mpaka anatapika. Ikaamuliwa akae nyumbani kwangu, nyuma tu ya uzio wa ofisi, mpaka karatasi za nchi mbili zikamilike.

"Wiki tatu, mama," Ronah aliniambia. "Baada ya hapo gari litakuja kumpeleka kisiwani, kwenye ziwa kubwa, walipo yatima wenzake. Akifika kule ataishi hata miaka hamsini. Kazi yako ni moja tu, afike siku hiyo akiwa hai."

Kisha akanipa masharti, akiyahesabu kwa vidole mbele ya uso wangu. Nivae barakoa. Ninawe kwa sabuni mpaka viwikoni. Nimpe maziwa kwa chupa. Nisimbusu, nisimlishe kitu kilichopita mdomoni mwangu. Watoto wasimkaribie. "Na mtu mwenye mafua asiingie hata mlangoni. Huyu na sisi ni jamaa wa karibu mno, mama. Mafua yanayokupitia wewe siku tatu, yeye yanamzika. Nitakupigia kila asubuhi kukuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani." Nikasema ndiyo daktari, nimesikia daktari. Na kweli nilisikia.

Siku mbili za kwanza alikunywa kidogo. Siku ya tatu akakataa chupa. Ukiipeleka mdomoni anageuza uso, macho ameyafumba. Siku ya nne hivyo hivyo. Kucha zake zililegea kwenye nguo yangu, na hilo ndilo lililonitisha, maana tangu aje alikuwa hajawahi kulegeza. Nikampigia Ronah, simu haipatikani. Afande akasema daktari yuko ndani ya msitu, huko mtandao hakuna mpaka kesho kutwa. Kesho kutwa! Nilimwangalia yule mtoto nikaona kesho kutwa haifiki.

Hebu niambieni, mngefanyaje? Mimi nilifanya alichofanya mama yangu, na mama yake kabla yake. Mtoto akigoma kula kwetu hatumwiti daktari, tunamtafunia. Unatafuna ndizi tamu mpaka iwe uji mdomoni, unampa kwa ulimi au kwa kidole. Anasikia joto lako, anasikia harufu yako, anajua kitu hiki hakina sumu kwa sababu mama amekula kwanza. Watoto wangu wote sita nimewatafunia. Nikashusha barakoa, nikatafuna ndizi, nikamtia kidogo mdomoni. Akafumbua macho. Akalamba. Akasukuma midomo yake mirefu mbele kutafuta nyingine.

Hapo nikasikia sauti mlangoni, sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyesahau kuongea.

"Mama, hapana hivyo. Changanya na karanga. Mama yetu alikuwa nachanganyaga na karanga."

Niligeuka. Kavira alikuwa amesimama pale, mkono kwenye fremu ya mlango. Miezi mitano! Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kulia, na kwa kuwa mdomo wangu ni mdomo wangu nikasema, "Ala! Miezi mitano kimya, halafu unafungua kinywa kunisahihisha mimi?" Akacheka kidogo, pembeni. Halafu nikalia kweli, ndizi bado mdomoni. Akaleta karanga, akakaa karibu yangu. Sikumfukuza. Sharti la watoto nililivunja hapo hapo, na wala sikuhisi kama nimevunja kitu.

Toka siku hiyo mtoto akawa wake. Yeye ndiye aliyemtafunia asubuhi, mchana na jioni, kwa uvumilivu ambao mimi sina. Alimfunga mgongoni kwa kitenge, akachota naye maji, akaanika naye nguo. Kile kidonda cha mkononi alikiosha kwa maji ya chumvi ya Katwe mpaka kikafunga. Siku moja nikamuuliza, "Sasa huyu tunamwitaje?" Nilidhani atasema Kabuo. Nilijiandaa kabisa kulisikia jina la yule marehemu.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza upuuzi. "Kabuo iko wa tatu, mama. Huyu iko wa ine. Ni Kahambu."

Nikaingia jikoni nikajifanya natafuta kifuniko.

Yayeri hakuchelewa. Alichungulia juu ya uzio akasema, "Erina, hongera, naona mjukuu wako amezaliwa na manyoya." Nikamwambia, "Afadhali ya wangu yanaonekana, ya wajukuu wako yako moyoni." Kavira alicheka mpaka akakaa chini. Na Kahambu naye akacheka, maana sokwe wanacheka jamani, wanahema haraka-haraka mdomo wazi, hasa akitekenywa tumboni. Wakawa wanachekeshana hivyo kila siku, mmoja kwa sauti na mwingine kwa pumzi. Kavira alianza kuongea na mimi, na Rachelle, hata na Afande Baker, ambaye Kavira alimpachika jina la Ngoma kwa sababu ya tumbo lake. Afande aliona yote yale, mtoto akitafuna na sokwe akila. Akageuza uso akasema, "Mimi sijaona kitu. Endelea." Ronah alirudi kutoka msituni, akaja kumpima Kahambu, akakuta ameongezeka uzito. Akanisifu. Siku hiyo nilikuwa nimemtuma Kavira dukani makusudi.

Tulihesabu siku. Nilichora mistari kwa mkaa ukutani, na Kavira akawa anajua ile mistari kuliko mimi. Alijua gari likija Kahambu ataondoka. Nilimuuliza kama atalia. Akasema, "Nitalia. Lakini ataenda nikimuona anapumua." Basi hicho tu ndicho alichokuwa anataka duniani, amuone mdogo wake anaondoka akiwa hai. Si jambo kubwa. Na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wake.

Mstari wa kumi na tano, mvua ilinyesha mchana kutwa na Kavira alirudi kisimani amelowa. Jioni akapiga chafya. Asubuhi nikaona pua inamtiririka. Niliona. Sitaki mtu anisaidie hapa kwa kusema labda sikuona vizuri.

Simu ikalia. Daktari. "Habari ya asubuhi, mama Erina. Kuna mgonjwa yeyote nyumbani?"

Nilikuwa nimesimama dirishani. Nje, kwenye mkeka, Kavira alikuwa amelala chali, Kahambu juu ya tumbo lake, anamvuta sikio. Mtoto alikuwa anacheka mpaka kichwa kinagonga mkeka. Nikafikiria: nikisema yuko, Ronah atasema mtenganishe. Atamtenganisha siku sita zilizobaki, na huyu atarudi kule kwenye ukimya wake, na safari hii hatatoka. Nikafikiria pia: mafua ni nini? Nimeona mafua elfu, sijaona jeneza la mafua.

"Hakuna, daktari," nikasema. "Wote wazima."

Nilimwita Kavira nikampa barakoa, nikamwambia asiivue. Akaivaa. Ilipofika saa ya kumlisha Kahambu, akaishusha kidevuni ili atafune. Nilimwona akiishusha. Nikaendelea kumenya matoke.

Siku ya kumi na saba Kahambu alianza kukohoa, kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu mzima. Siku ya kumi na nane akawa wa moto. Nilimpigia Ronah mwenyewe, nikipiga kelele, na akaja mbio, akachoma sindano, akaning'iniza chupa ya maji kwenye msumari ninaoning'iniza picha ya Ezironi. Alisema kilichohitajika ni mashine ya hewa na mashine iko mbali. Tukakaa. Kahambu hakutaka kushikwa na mwingine ila Kavira, kwa hiyo Ronah, ambaye sasa alikuwa amemwona yule mtoto na ameelewa, hakumfukuza. Alimtazama tu pua yake iliyokauka, akanitazama na mimi.

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, kuna jua zuri sana nje, Kahambu akaacha kuhema.

Kavira alikaa naye kidogo. Tulijua kilichotokea safari ile ya kwanza, kwa hiyo mimi na Rachelle tukasogea polepole, tukijiandaa kumfungua kile kitenge kwa nguvu kama itabidi. Haikubidi. Alifungua fundo mwenyewe, akamlaza Kahambu kwenye mkeka, akanyoosha ile mikono mirefu. Akasema, "Amekufa. Saa hii minajua namna inakuwaga."

Nilitoka nje nikashika ukuta.

Ronah alifanya kazi yake, akaandika, akafunga daftari. Akasema kwa Kiswahili, kwa upole, bila kumlaumu mtu, "Ni mapafu. Ni mafua ya mtu yaliyoshuka kifuani. Nani hapa alikuwa na mafua?"

Na Kavira akanyoosha mkono juu. Akaunyoosha kama darasani, mwalimu anapouliza nani hajaleta kazi ya nyumbani. Akasema, "Mimi, docteur."

Ronah alinigeukia. Akaniambia kwa Kitooro, lugha ambayo mtoto haijui, "Mama, nilikuuliza kila asubuhi." Akangoja nijibu. Nilikuwa na lugha nne kinywani na watu wanaoniogopa mji mzima kwa sababu ya ulimi wangu, na sikupata neno hata moja. Mkono wa Kavira ulikuwa bado uko juu. Rachelle ndiye aliyeushusha.

Mwili waliuchukua kwenye sanduku la barafu, kwa ajili ya vipimo. Kabuo alizikwa haraka na watu wasiomjua, hatujui wapi. Kahambu hakuzikwa kabisa. Nikasema liwalo na liwe, nikawasha moto uani, tukakaa matanga siku tatu, mimi na Kavira na Rachelle. Yayeri akaja. Nilidhani amekuja kucheka, nikajiandaa. Akaweka chini kikapu cha mihogo, akakaa, hakusema kitu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile.

Baada ya matanga ndipo Kavira alianza ile tabia ya mkono. Aliweka kiganja mdomoni na hakukitoa. Akiongea, anaongea ndani ya kiganja. Akila, anageukia ukuta. Kanisani wenzake wanaimba, yeye amejifunika. Alihamisha mkeka wake kutoka chumbani kwangu akalala stoo, na mlango akauziba kwa gunia chini ili pumzi yake isitoke. Watoto wa jirani wakiingia uani, anaondoka. Mwalimu wake aliniita akaniuliza kama ana jino bovu.

Nilimwambia yote wanayoambiwa waliofiwa. Nikasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikasema hata daktari alisema alikuwa dhaifu tangu mwanzo, jambo ambalo daktari hakusema. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mvua. Siku moja nikajitutumua nikasema, "Mbona mimi ndiye niliyeanza kumtafunia? Kama kosa, ni langu." Akanijibu ndani ya kiganja, bila hasira, "Wewe haukukuwaka na mafua, mama." Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa mbele yangu na sikuingia. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wangu nilimlea miezi minne.

Mwezi wa pili binti yangu Gorret akaja kutoka Ibanda na mtoto mchanga, ili nimwone. Gorret amejaliwa mabinti watupu: Masika, Biira, Kabugho, na sasa huyu. Mbambu. Wanande wangesema Kahambu, ni lilelile. Majina yetu hayana huruma, yanarudi yenyewe.

Nyumba ikajaa wanawake, mtoto anapita mkono kwa mkono. Kavira alisimama mlangoni, mahali palepale aliposimama siku ya karanga, kiganja mdomoni, na juu ya kile kiganja macho yake yalikuwa yanamfuata yule mtoto kila alikopelekwa. Gorret, asiyejua kitu, akamwita, "Njoo umbebe mdogo wako." Kavira akatikisa kichwa. Akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka akawa nje kabisa. Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Sokwe nilimuua mara moja. Huyu nilikuwa namuua kila siku, taratibu, kwa kukaa kimya, mimi mwenye mdomo.

Nikamfuata nyuma ya jiko. Nikamwambia akae kwenye kinu kilichopinduliwa. Mimi nikakaa chini, kwenye majivu, nisimzidi urefu.

"Kavira, daktari alikuwa ananipigia simu kila asubuhi. Ananiuliza kama kuna mgonjwa. Ile asubuhi pua yako ilipoanza, aliniuliza. Nikasema hakuna."

Kiganja chake hakikutoka mdomoni.

"Ningesema ukweli angekuja siku ileile, angewatenganisha, na Kahambu huenda angepanda lile gari. Alikuwa ameniambia mafua yanawaua. Aliniambia mimi. Wewe hakukwambia, na mimi sikukwambia. Ulikuwa mtoto unamlisha mdogo wako. Mimi ndiye niliyejua."

"Ulijua?" akasema ndani ya kiganja.

"Nilijua."

"Ulinionaka nashusha barakoa?"

"Nilikuona."

Kuku wa Yayeri walikuwa wanachakura karibu yetu. Aliwatazama.

"Sababu gani haukusema?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu. Likapotea. "Ulikuwa unacheka," nikamwambia. "Nilikuwa sijawahi kukuona unacheka vile. Nikaogopa utaacha."

Mkono ukashuka. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne nikaiona midomo yake. Ilikuwa imepauka, imepasuka pembeni kwa unyevu wa kiganja. Alinitazama, hakulia, na wala hakunitukana, ingawa ningemshukuru kama angenitukana. Akasimama. Akaenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kama Ronah alivyonifundisha mimi. Akaingia ndani. Nikamsikia anamwambia Gorret kwa sauti safi, isiyo na kitu mbele yake, "Nipe mutoto."

Nilipoingia alikuwa ameketi kwenye mkeka, Mbambu mapajani, ameinamisha uso karibu kabisa. Anamwimbia. Wanawake wote walikuwa wanatabasamu, na Rachelle alikuwa anajifuta macho kwa kitenge. Mimi nikakaa karibu na mlango.

Kiganja hakijarudi mdomoni tangu siku ile. Anaimba kanisani, darasani amekuwa wa tatu, na mkeka wake umetoka stoo, ingawa sasa uko sebuleni, haukurudi chumbani kwangu. Gorret akija, mtoto ni wake mpaka jioni. Ndugu zake bado hawajapatikana, na mimi namwombea wapatikane, halafu namwombea wasipatikane.

Jambo moja tu. Tangu siku ile haniiti mama. Ananiita madamu, kama wanavyomwita mke wa bosi huko kwao. Ananiita kwa adabu kabisa, hakuna mtu anayeweza kumgombeza kwa hilo. "Madamu, chai imechemka." "Madamu, Afande anakuita."

Naitika.